Siku mbili nyuma ya Wanormani, kutoka Battle hadi Putney

Nimelipa pauni 145 kwa matembezi ya siku mbili ya kufuata habari za Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, walioivamia Uingereza mwaka 1066: Ijumaa uwanja wa vita kule Battle, Jumamosi London. Kampuni yenyewe ni ndogo na sitaitaja, kwa sababu malalamiko yangu nimewaandikia wenyewe na bado nangoja jibu. Naandika ili anayefikiria kutoa fedha zake kwa matembezi ya namna hii ajue cha kuuliza kabla hajalipa.

Kwanza niseme nilifuata nini. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani. Siku nzima nipo kando ya kizimba, namnong'oneza mtu kwa Kiswahili yale ambayo mawakili wanasema juu yake, na maneno yanayonisumbua zaidi ni yale ambayo asili yake ni Kifaransa cha zamani. Jina la mdai, jina la mshtakiwa, jina la wale raia 12 wanaoapishwa kuamua kesi, jina la hati ya kukamatia mtu, hata neno la mkopo wa nyumba, mortgage, ambalo ukilifumua unakuta maana yake ni rehani iliyokufa: yote yaliingia kwa mlango huo mmoja. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotajwa ndani yake ni kwamba watu walikuwa hawaelewi kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Hata hivyo kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na Kiingereza hakikushika nafasi hiyo moja kwa moja mpaka 1733. Hesabu mwenyewe: miaka 667 tangu vita vya 1066. Mtu ambaye riziki yake ni kuhakikisha mshtakiwa anaelewa anashtakiwa kwa lipi hawezi kulisoma hilo akaendelea na chai yake.

Kwa hiyo nilikwenda na swali. Mwaka 1066 ulizivunja haki ambazo Waingereza walizirithi kwa baba zao, au haki hizo zilipita katikati ya vita zikatokea upande wa pili zikiwa nzima? Tangazo la matembezi lilisema wazi kwamba watazungumzia "vita, ardhi, sheria na haki". Mawili ya kwanza tulipewa kwa ukarimu.

Ijumaa tulikutana kituo cha Charing Cross, watu 11, tukapanda treni ya Battle. Kiongozi wetu ni mtu anayeijua kazi yake ya nje. Anatembea polepole, anasubiri wa nyuma wafike, hasemi kabla watu hawajatulia. Tulipewa vifaa vya kusikilizia vya kuvaa shingoni, changu kikazima kabla hatujavuka lango la abasia, yaani monasteri ya watawa iliyojengwa uwanjani, na cha akiba hakukuwepo. Nikawa natembea karibu na bega lake siku nzima. Kwa bei ile, kifaa kimoja cha ziada mkobani si jambo kubwa kuliomba.

Uwanja wenyewe unastahili safari. Unasimama juu ya kilima, mahali Harold, mfalme wa Waingereza, alipopanga watu wake ngao kwa ngao siku ya Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1066, kisha unateremka hadi bondeni kwenye majani yenye unyevu ambako Wanormani walianzia. Kiongozi alitutaka tupande kutoka chini bila kuzungumza. Nilipofika nusu ya mteremko nilikuwa nahema, na mimi sikuvaa shati la chuma wala sikuwa na mtu anayenirushia shoka. Hapo nilielewa kwa miguu kwa nini vita vilivyoanza asubuhi vilikwenda mpaka jua likazama, wakati vita vingi vya zama zile vilikwisha kwa saa chache.

Juu, ndani ya magofu ya kanisa la abasia, kuna jiwe lililolazwa chini kuonyesha ilipokuwa altare kuu, mahali ambapo kwa mapokeo ndipo Harold alipouawa. William, kiongozi wa Wanormani aliyeshinda vita na kuwa mfalme, aliijenga abasia pale kama kitubio. Watawa hawakupapenda: kilima kikavu, hakina maji. Masimulizi ya abasia yenyewe yanasema walimwomba wahamie mahali pazuri zaidi hapo chini, akakataa, akawaahidi kwamba akijaliwa uhai, divai itakuwa nyingi kwao kuliko maji kwa watawa wengine.

Kisha kiongozi akasimulia jambo ambalo kwangu mimi lililipa nusu ya nauli. Katika karne ya 12 watawa wa Battle waligombana na askofu wa Chichester kuhusu nani ana mamlaka juu ya abasia. Shauri likafika mbele ya Mfalme Henry II mwaka 1157. Watawa wakaja na hati za kale zenye jina la William, zikisema kwamba abasia ilizaliwa huru na askofu hana lake pale. Wakashinda. Wataalamu waliozichunguza hati hizo baadaye wamezikuta za kughushi, zilizotengenezwa na watawa wenyewe karibu na wakati wa ugomvi. Yaani pale pale damu ya Harold ilipomwagika, chini ya miaka 100 baadaye, watu walikuwa wameshajua kwamba ukitaka haki isimame lazima uipe umri. Haitoshi kusema jambo hili ni la haki. Unasema lilikuwa hivi tangu siku za William, tangu siku za Edward, mfalme wa kabla ya Harold, tangu hapo. Nilimwona mama mmoja kwenye kundi letu akicheka, lakini mimi nilikuwa nawaza ni mara ngapi nimetafsiri ushahidi wa aina hiyo: shamba hili ni letu, babu alilikuta limeshalimwa.

Wakati wa chakula alitueleza faini ya mauaji. Baada ya uvamizi, ikipatikana maiti na muuaji hajulikani, marehemu alihesabiwa kuwa Mfaransa, na watu wa eneo zima walitozwa faini kubwa, isipokuwa kama ndugu walijitokeza kuthibitisha kwamba aliyekufa alikuwa Mwingereza. Mwingereza akifa, faini hakuna. Utaratibu huo wa kuthibitisha asili ya maiti haukufutwa mpaka 1340, wakati watu walikuwa wameoana kwa vizazi vingi na hakuna aliyeweza kusema nani ni nani. Sikuweza kumaliza mkate wangu. Ndivyo sheria inavyofanya mtu aliyeshindwa ajijue: anaambiwa thamani yake akiwa amelala chini.

Alasiri ikaenda kwa mabishano ya wanahistoria wa karne ya 19, Freeman na Round, kama Waingereza walijenga uzio wa miti pale kilimani au walisimama na ngao tu. Ni kisa kizuri, na Round alikuwa na kalamu kali. Lakini kilichukua dakika 40, na watu hao wawili walikuwa na ugomvi mkubwa kuliko huo ambao haukuguswa kabisa. Freeman aliamini kwamba Uingereza ya Wasaksoni, yaani Waingereza wa kabla ya uvamizi, iliendelea kuishi chini ya Wanormani, sheria zake na mabaraza yake yakarudi juu polepole. Round alishikilia kwamba William ndiye aliyeleta utaratibu mpya wa kushika ardhi kwa sharti la kumtolea mfalme askari wapanda farasi. Uzio ulikuwepo au haukuwepo, hilo linabadilisha ramani ya vita. Nani alikuwa sahihi kuhusu ardhi, hilo linabadilisha jibu la swali langu. Nilipouliza, niliambiwa "tutafika huko kesho".

Jumamosi tulianzia Westminster Hall. Jengo hili alilijenga mtoto wa William, yule William Rufus, mwishoni mwa karne ya 11, na mahakama kuu za nchi zilikaa humo na pembeni yake mpaka zilipohamia mtaa wa Strand mwaka 1882. Nilisimama katikati ya ukumbi nikatazama paa la mbao. Mahakama kadhaa zilikuwa zikiendesha kesi humu kwa wakati mmoja, na Kifaransa cha wanasheria kilisikika kwenye kuta hizi. Kama kulikuwa na mtu kama mimi karibu na mshitakiwa, hakuna aliyemwandika.

Hapa kiongozi alieleza vizuri ile "kumbukumbu ya kisheria": sheria ya Westminster ya 1275 iliyoweka kikomo cha kurudi nyuma katika madai fulani ya ardhi kuwa mwanzo wa utawala wa Richard I, tarehe 3 Septemba 1189. Kinachothibitika kuwepo kabla ya hapo kinahesabiwa kuwa cha tangu enzi na enzi. Lakini kisha akatusimulia habari ya Earl Warenne (Earl ni cheo cha bwana mkubwa), ambaye mawakili wa Mfalme Edward I, wa karne ya 13, walimwuliza kwa hati gani anashikilia ardhi zake, akachomoa upanga uliokula kutu akasema babu zake walikuja na William wakaiteka ardhi kwa upanga, na yeye atailinda kwa upanga. Aliisimulia kama jambo lililoshuhudiwa jana. Ni habari iliyoandikwa na mwandishi mmoja wa matukio, na wanahistoria wengi wana shaka nayo. Ni tamu, nakubali, na inaonyesha mabwana wakubwa walivyopenda kujiona. Lakini baada ya kutueleza jana jinsi watawa walivyoghushi hati, nilitegemea angalau atuambie huu upanga umetoka wapi.

Halafu akatoa kadi. Hapa nataka nikae kidogo.

Ilikuwa nakala, ukubwa ule ule wa asili, ya barua ambayo William aliwaandikia watu wa London muda mfupi baada ya kuvikwa taji siku ya Krismasi 1066. Ya asili inatunzwa na hifadhi ya nyaraka ya Jiji la London mpaka leo. Ukanda wa ngozi wa urefu wa kama inchi 6, upana inchi moja na nusu. Unakaa kiganjani ukazidi kidogo tu kwenye ncha za vidole. Na imeandikwa kwa Kiingereza cha wakati ule, lugha ya walioshindwa. Mfalme anamsalimu William askofu, na Gosfrith msimamizi wa mji, na wakazi wote wa London, Wafaransa na Waingereza, kwa urafiki. Anawaarifu kwamba anataka wastahili sheria zote walizokuwa nazo siku za Mfalme Edward. Anataka kila mtoto awe mrithi wa baba yake baada ya siku za baba yake. Wala hatavumilia mtu yeyote awatendee ubaya. Mungu awalinde.

Neno lililotumika kwa mrithi ni yrfnuma. Yrfe ni urithi, na numa ni mwenye kuchukua. Mchukua urithi. Nililirudia mara kadhaa kimoyomoyo, maana mkalimani akipata neno linalofumuka vizuri hivyo hufurahi siku nzima.

Mjadala wote niliousafiria umo ndani ya kadi hiyo. Mtoto wa London alimrithi baba yake kwa sababu ilikuwa haki yake tangu zamani na mfalme mpya ameitambua tu? Au alirithi kwa sababu mtu mwenye upanga alisema "nataka"? Soma barua kwa jicho la kwanza, unampata Edward Coke, jaji wa karne ya 17, aliyefundisha kwamba sheria ya Uingereza ni ya kale kuliko mfalme yeyote, na kwamba washindi waliipokea na kuithibitisha. Kwa hoja za namna hiyo Bunge lilimbana Mfalme Charles I mpaka akakubali Ombi la Haki, hati ya kumwekea mfalme mipaka, mwaka 1628. Isome kwa jicho la pili, unampata Robert Brady, daktari na mtunza kumbukumbu za serikali katika ngome ya Tower ya London miaka ya 1680, aliyewajibu wanasheria wa upande wa Bunge, akiwemo William Petyt, kwamba William aliteka kweli, aligawa ardhi upya kweli, na kila uhuru walio nao Waingereza umetoka mkononi mwa mfalme kama zawadi.

Kwa upande wa ushahidi Brady alikuwa na mengi mkononi. Kitabu cha Domesday cha 1086, orodha ya ardhi aliyoiagiza William, kinaandika kila mahali nani alishika ardhi "siku ambayo Mfalme Edward alikuwa hai na alikuwa mfu", na nani anaishika sasa. Harold, aliyetawala miezi tisa, anatajwa kwa kawaida kama Earl tu, kana kwamba hakuvikwa taji. Yaani kwa karatasi William ni mrithi halali asiyevunja kitu. Ukishuka kwenye majina unaona ukweli mwingine: miaka 20 baada ya vita, Waingereza wasio wa kanisa waliobaki na ardhi kubwa moja kwa moja kwa mfalme wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ahadi ya mchukua urithi haikuvuka sana kuta za London. Na mpaka leo, kwa sheria ya Uingereza na Wales, ardhi kwa msingi wake hushikwa kutoka kwa Taji. Mwenye nyumba hukaa juu yake, analipa, anauza, anarithisha, na bado mzizi wa hati yake unarudi kule kilimani.

Kiongozi alitoa dakika tatu kwa kadi hiyo. Nilitazama saa. Dakika tatu, kisha "haya, tuufuate mto".

Putney ndipo palipoharibika. Ratiba ilisema saa moja na nusu katika Kanisa la St Mary. Tulifika tumechelewa, tukapewa dakika 25, kumi kati yake zikaenda kwenye foleni ya choo. Kanisa hili, kwenye ncha ya kusini ya daraja la Putney, ndilo ambamo jeshi la Bunge, lililokuwa limemshinda Charles I vitani, lilikaa kujadiliana na wakubwa wake kuanzia tarehe 28 Oktoba 1647. Oliver Cromwell, mmoja wa majenerali wake, alikuwa mwenyekiti. Karani William Clarke aliandika kwa mkato, na maandishi yake yalilala Oxford mpaka yalipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1891. Zaidi ya miaka 200 hakuna aliyejua kilichosemwa humu.

Na kilichosemwa ni jibu la tatu, ambalo Coke hakuligusa na Brady asingelivumilia. John Wildman alisimama akasema sheria zenyewe zilitungwa na walioteka. Wale wenzake walioitwa Levellers, kundi lililodai usawa mbele ya sheria, walikuwa wakiandika kwa miaka kadhaa kuhusu nira ya Wanormani: kwamba sheria za lugha ngeni, wanasheria na mabwana wa ardhi, vyote ni mnyororo wa 1066. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, akang'ang'ania kwamba kura ni ya mwenye maslahi ya kudumu katika nchi, yaani ardhi inayoingiza angalau shilingi 40 kwa mwaka kama sheria ilivyotaka. Ukisema mtu ana haki kwa sababu tu anapumua, aliuliza, utamzuiaje kuchukua mali ya mwingine? Na hilo si swali la kijinga. Ireton aliona kwamba urithi ukiondolewa kama msingi wa haki, mali nayo inatikisika. Upande wa pili alikuwepo Kanali Thomas Rainborowe, kwa maneno ambayo sasa yameandikwa kwenye ukuta wa kanisa: kwamba mtu maskini kabisa aliyeko Uingereza ana maisha ya kuishi sawasawa na aliye mkubwa kabisa.

Hakusema tangu lini. Hiyo ndiyo iliyonigusa. Watawa wa Battle walihitaji hati, London ilihitaji barua, Coke alihitaji enzi na enzi, hata Wildman alihitaji Wanormani wa kulaumu. Rainborowe hakumtaja baba wala babu. Nilikuwa nimesimama chini ya maneno hayo, mkoba begani, namsikia kiongozi anahesabu watu mlangoni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni nyota 3 kati ya 5. Battle ni nyota 5, hata na kifaa kibovu. Kadi ya barua ni wazo zuri sana na wastahili pongezi. Lakini walioahidi sheria na haki wakatoa dakika 40 kwa uzio wa miti na 25 kwa Putney hawakutimiza walichouza, na ningependa wapunguze bei au wapange upya siku ya pili. Ukiwapigia, uliza mambo mawili: saa ngapi hasa mtakaa Putney, na kama kiongozi ataeleza mabishano ya ardhi na sheria au vita tu. Siku ya kwanza wanaiuza pia peke yake kwa pauni 80, na hiyo nunua bila wasiwasi.

Putney nilirudi mwenyewe Jumatano iliyofuata baada ya kazi. Ukishuka kituo cha Putney Bridge unavuka daraja kwa miguu, na mnara wa kanisa unauona mbele upande wa kushoto. Ndani kuna maonyesho madogo kuhusu mjadala ule, na unaweza kukaa kwa utulivu ukasoma kila kitu. Nilikwenda na ile kadi. Niliitoa mkobani, nikakaa mkabala na ukuta wenye maneno ya Rainborowe, nikaisoma tena kwa sauti ya chini, kwanza kwa Kiingereza chake cha kale kadiri ninavyoweza, kisha kwa Kiswahili, kama vile kuna mtu kando yangu anayehitaji kuelewa.